PS4 inasoma DVD lakini diski za gemu inazikataa, isipokuwa alfajiri

#1 mwana_tudor
Assalam aleikum wenzangu. Nina PS4 Slim, mashine ya gemu ile nyembamba, niliinunua mtumba mwaka jana kwa mtu wa mjini aliyeniapia kwamba imetoka Dubai. Ilikuwa yaenda vizuri mpaka wiki tatu zilizopita. Sasa nikiitia diski ya gemu inaimeza, yasikika ikizunguka, halafu yaanza mlio kama mtu akikwangua ukoko wa wali kwenye sufuria: krrk, krrk, kimya, krrk. Baada ya nusu dakika inaandika kwamba diski haitambuliki.

Mambo mawili yanichanganya. DVD ya katuni za wanangu yaisoma papo hapo bila kigugumizi. Na nikiiwasha alfajiri baada ya kuswali, diski ile ile ya gemu inasoma na tunacheza. Ikifika adhuhuri ishagoma. Nimejaribu diski tatu, mbili zangu na moja ya jirani, na hiyo ya jirani haina hata mkwaruzo.

Fundi mmoja ameniambia nimpe 4,500 abadilishe lenzi. Hakuifungua, aliitazama tu. Nimpe?

#2 kachri_moto
Usimpe. Anayetaja ugonjwa kabla ya kufungua si fundi huyo, ni mpiga ramli.

#3 mla_mabuyu
Kabla hujatoa hata senti, chukua dawa ya meno, ile nyeupe isiyo ya jeli. Pakaza kwenye diski, sugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, suuza, kausha. Nimeokoa diski za PS2 hazina idadi kwa njia hii. Karibu.

#4 fundi_wa_bondeni
@mla_mabuyu kwa PS2 sina neno, zile ni CD na DVD. Kwenye DVD data imekaa katikati ya plastiki, kama milimita 0.6 kutoka juu, kwa hivyo ukisugua unalainisha mkwaruzo na mwanga unapita. Gemu ya PS4 ni Blu-ray. Humo data iko milimita 0.1 tu kutoka juu, na juu yake wamepaka ngozi ngumu nyembamba ya kuikinga. Dawa ya meno ni mchanga laini, hiyo ngozi utaichubua mwenyewe kwa mkono wako. Na mtu ashasema diski ya jirani haina mkwaruzo. Soma kabla ya kujibu, yakhe.

#5 mla_mabuyu
Nilisoma. Nilipofika kwenye "imetoka Dubai" macho yakajaa machozi.

#6 fundi_wa_bondeni
Haya, turudi kwa mwenye uzi. Ndani ya hicho kijicho kinachosoma diski kuna zaidi ya leza moja. DVD yasomwa na nyekundu, ya nanomita 650. Gemu za PS4 zasomwa na ya buluu iliyokaribia zambarau, nanomita 405. Moja yaweza kuchoka, mwenzake akabaki mzima. Ndiyo maana katuni zaingia na gemu ya mpira haiingii.

Na hilo la alfajiri nalo halina muujiza. Leza kadiri inavyopata joto ndivyo inavyotaka umeme mwingi kutoa mwanga ule ule. Iliyochoka asubuhi yajikongoja, mchana yashindwa. Mimi nasema ni lenzi. Kwa Slim inaingia lenzi ya namba KES-496A. Lakini huyo wa 4,500 mwambie ufunguaji aufanye mbele yako, na ile ya zamani akurudishie mkononi.

#7 nahodha_mstaafu
Fundi, umekimbilia dukani upesi. Mimi nakaa Likoni, na hapa kila kitu chenye waya hufa kwa chumvi. Redio, tochi, kufuli, hata kengele ya baiskeli. Huo mwanga wa buluu si walenga nukta ndogo zaidi kuliko ule mwekundu? Basi ukungu kidogo tu juu ya lenzi utamzuia wa buluu kabla haujamzuia mwekundu. Dalili zako zote ulizozitaja zinatosha pia kwa lenzi chafu. Pamba na tone la alkoholi, shilingi mia haifiki.

#8 bint_kibokoni
Swali: chumba kina AC? Kakangu alikuwa akiitoa yake chumba cha baridi kuipeleka sebuleni kwa wenzake, na kila akifika haisomi. Lenzi hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Kitabu chake chenyewe kinasema hivyo: toa diski, iache mpaka unyevu ukauke, ndipo ujaribu tena.

#9 mwana_tudor
Shukran wote. AC sina, nina pangaboi, tena linapiga kelele kuliko hiyo PS. Mashine iko kwenye rafu ya TV chini ya dirisha, na dirisha latazama maji ya Tudor Creek.

#10 nahodha_mstaafu
Chini ya dirisha la baharini! Mimi nishamaliza kazi. Niiteni kukiwa na meli.

#11 fundi_wa_bondeni
Hujamaliza. Saa ambayo hewa imejaa maji kuliko zote ni hiyo hiyo alfajiri. Muulize mkeo nguo zilizolala nje kwenye kamba zikoje saa kumi na moja. Ingekuwa ni unyevu, mashine ingegoma alfajiri na kusoma mchana. Hii inafanya kinyume.

#12 nahodha_mstaafu
Sikusema unyevu, nilisema chumvi. Chumvi ikishakaa haiondoki na jua.

#13 fundi_wa_bondeni
Na haiondoki alfajiri pia.

#14 kachri_moto
1-0.

#15 stima_imerudi
Mbona hamuulizi stima? Huku kwetu Magongo kuanzia mchana mpaka usiku taa zanyong'onyea, watu wote wamewasha friji na pasi. Alfajiri kila mtu amelala, stima yajaa. Huyo mwana_tudor mashine yake yasoma saa ambayo jirani hajapiga pasi. Mimi nilinunua kile kisanduku cha kusawazisha umeme na TV ikaacha kuzimazima.

#16 fundi_wa_bondeni
Pawasapulai ya PS4 inakubali volti 100 mpaka 240. Stima ishuke mpaka taa iwe kama kibatari, bado ndani bodi inapata kiwango kile kile. Na kama stima ingekuwa ndogo hivyo, mashine nzima ingezimika, isingechagua kukataa diski ya mpira na kukubali katuni.

#17 stima_imerudi
Hiyo 100 mpaka 240 imeandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko hakikai Magongo.

#18 mama_wa_vijana
Nimewasoma wanaume mkibishana na hakuna aliyefungua mashine. Mimi nina kibanda cha gemu Kisauni, mashine tatu, mechi shilingi ishirini. Nimefungua hizi kitu mpaka bisibisi ya nyota yenye tundu kati nailala nayo.

Mashine yangu ya pili ilikuwa na ugonjwa kama huu wa kwako, mwanangu. Mlio ule ule. Niliingojea mpaka wateja walipokwenda, nikachomoa stima, nikaifungua juu ya meza nikiwa nimetandika kanga nyeupe ili skrubu zisipotee. Ukitoa kile kifuniko cha bati cha draivu, yaani kile kisomea diski, utaona kijicho, kidogo kama punje ya dengu, kinang'aa buluu kwa mbali. Changu hakikuwa buluu. Kilikuwa na utando wa kahawia, ukiuangalia kwa upande ni kama juu ya chai ya maziwa iliyopoa. Sio vumbi peke yake. Mle kibandani nakaanga viazi karai, na ule mvuke wa mafuta wote feni ilikuwa yauvuta ndani. Nilipitisha pamba ya masikio mara moja tu, ikatoka rangi ya bajia.

Nikaisafisha, ikasoma. Nikafurahi, nikawaambia vijana njooni. Siku kumi ikagoma tena. Nikafungua tena: lenzi safi kabisa. Safari hii ilikuwa roli ya mpira inayovuta diski, imekuwa laini na kuteleza, diski haikai sawasawa juu ya mota. Ndio huo mkwaruzo unaousikia. DVD yasamehe kutokaa sawa, hii nyingine haisamehi. Nikaipangusa roli na kuikausha, ikarudi.

Kwa hivyo mimi nilikuwa na magonjwa mawili, na kila moja lilijifanya ni mwenzake.

#19 nahodha_mstaafu
Viazi karai! Hiyo si chumvi tu, hiyo ni chumvi na ukwaju.

#20 mwana_tudor
Mama, ulitumia nini kusafishia? Nina spiriti ya duka la dawa.

#21 mama_wa_vijana
Hiyo usitie. Ya kupaka vidonda mara nyingi huwa imechanganywa na mafuta ili isikaushe ngozi, ikikauka inaacha utando wake. Mimi nilianza na hiyo hiyo nikajuta. Wala sanitaiza zilizobaki za wakati wa korona, ni jeli. Tafuta alkoholi ya asilimia 99 kwa wanaouza vitu vya mafundi simu. Tone moja kwenye pamba, si kwenye lenzi. Na usikandamize, kijicho kinaning'inia juu ya vijiwaya vyembamba kama unywele. Ukikiminya kikapinda, hapo ndipo utampa yule fundi wako hizo 4,500.

#22 dogo_wa_mikindani
Ndugu geuza mashine chini juu. Babangu alikuwa akifanya hivyo na ikisoma kila mara.

#23 kachri_moto
Babako alikuwa na PS1, dogo. Zile za mwanzo lenzi yake ilipanda kwenye reli ya plastiki, plastiki ikilika upande mmoja lenzi inalala. Ukigeuza mashine uzito unaangukia upande wa pili, lenzi inanyooka. Nilicheza kombe la dunia zima la 1998 mashine ikiwa matumbo juu. PS4 haina habari hiyo.

#24 pweza_wa_tanga
Habari za huko ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tanga. Jaribu na CD ya kawaida, ya taarabu au kaswida. Ikikataa hiyo pia basi lenzi imekufa, usisumbuke.

#25 fundi_wa_bondeni
Jamani msimpoteze mtu. PS4 haisomi CD za muziki, haijawahi, hata ikiwa mpya ndani ya sanduku. PS3 ilisoma. Ukiitia taarabu itaikataa, na haitakuwa lenzi wala chumvi wala viazi.

#26 pweza_wa_tanga
Mashine inayokataa taarabu mimi singeinunua.

#27 bint_kibokoni
@fundi_wa_bondeni mbona mafundi wengine wanasema draivu imefunga ndoa na bodi, ukibadilisha haisomi tena? Kakangu alibadilishiwa yote kwa pamoja akaambiwa mashine imekufa.

#28 fundi_wa_bondeni
Wanasema kweli nusu. Zile PS4 nene za mwanzo, modeli za CUH-1000 na 1100, draivu ina kibodi chake, yaani bodi ndogo, na kile kimefungwa na bodi kubwa ya mashine hiyo hiyo. Ukitia draivu ya mashine nyingine lazima kibodi cha zamani ukihamishe. Kuanzia CUH-1200, pamoja na Slim na Pro, hicho kibodi hakipo, kazi yake iko kwenye bodi kubwa, kwa hivyo draivu wabadilisha bila talaka. Ya kakako naona ilikuwa nene na fundi alitupa kibodi.

#29 bint_kibokoni
Ilikuwa nene. Na kibodi alikitupa. Na pesa alichukua.

#30 dogo_wa_mikindani
Kuna ile pia ya mguu wa mpira. Chini ya kitufe cha kutolea diski kuna mpira, ukipata joto unafura unagusa kitufe, mashine yadhani umeibonyeza. Joto la mchana! Nimewapata.

#31 kachri_moto
Hiyo ni ya zile nene za mwanzo zenye vitufe vya kugusa, na dalili yake ni kutema diski na kulia bip bip peke yake. Slim ina vitufe vya kubonyeza. Na yake haitemi, inamumunya. Lakini umejitahidi, keti karibu na kina mla_mabuyu.

#32 mla_mabuyu
Nafasi ipo. Dawa ya meno ipo.

#33 stima_imerudi
Hebu ajaribu la bure kwanza. Zima kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5, ile ya kupanga upya databesi. Hifadhi zako za gemu hazipotei. Namba 6 na 7 usiguse, hizo zafuta kila kitu.

#34 fundi_wa_bondeni
Mashine yatoa mlio wa ukoko wewe wampangia databesi.

#35 stima_imerudi
Ni bure. Ya kwako ni KES sijui nani.

#36 mwana_tudor
Narudi na ripoti, nimechelewa kwa sababu ya harusi.

Nilianza na la bure. Namba 5, ikamaliza dakika kumi. Diski ya kwanza ikasoma! Nikaanza kuandika hapa kumshukuru stima_imerudi. Kabla sijamaliza sentensi ikagoma. Kumbe ilikuwa saa kumi na mbili unusu asubuhi, wakati ambao husoma hata nisipofanya kitu.

Halafu nikafanya jaribio la joto. Adhuhuri ilipogoma niliizima, nikaitoa rafuni nikaiweka sakafuni chini ya pangaboi saa mbili nzima. Nikaiwasha. Diski yangu moja ikasoma, nyingine ikakataa, ya jirani ikasoma mara moja ikakataa mara ya pili. Sasa hilo ni joto au si joto?

Ijumaa nikaifungua kama Mama alivyosema. Kanga sikupata, nilitandika shuka. Lenzi haikuwa ya kahawia wala buluu, ilikuwa na madoadoa meupe madogo, kama mtu aliyekula maandazi ya sukari akaipulizia. Nikapitisha pamba. Roli nayo nikaipangusa, ikatoa uchafu mweusi. Pembeni kwenye bati palikuwa na kutu upande mmoja tu, ule wa dirishani. Nikafunga. Zimebaki skrubu mbili ambazo sijui zilitoka wapi.

Jumamosi ilisoma kutwa. Jumapili kutwa. Jana saa nane mchana: krrk.

#37 nahodha_mstaafu
Madoa meupe. Kutu upande wa dirisha. Sina la kuongeza, isipokuwa 1-1.

#38 fundi_wa_bondeni
Umeisafisha, ikapata afueni siku mbili, ikarudi pale pale saa za joto. Lenzi safi yenye leza iliyochoka huvuka vuka hivyo hivyo. Ingekuwa chumvi tu, isingerudi kwa siku mbili.

#39 nahodha_mstaafu
Siku mbili za upepo wa baharini zatosha. Umeihamisha kutoka dirishani?

#40 mwana_tudor
Hapana. Rafu ni moja.

#41 mama_wa_vijana
Mwanangu, skrubu mbili zilizobaki zina urefu gani? Kama ni fupi zenye kichwa kipana huenda ndizo zinazoshika draivu. Draivu ikicheza, diski inayumba. Hapo sasa una ugonjwa wa tatu na huu ni wa kwako mwenyewe.

#42 mwana_tudor
Ni fupi. Zina kichwa kipana.

#43 kachri_moto
Wallahi nimecheka mpaka mwenye basi amenitazama.

#44 pweza_wa_tanga
Uza ununue PS5 ile isiyo na tundu la diski, upumzike.

#45 bint_kibokoni
Na gemu zake za diski atazitia wapi, mdomoni? Ile PS5 Slim ya 2023 angalau draivu yake ni ya kubandika, ikiharibika wabandua. Ila siku ya kwanza kuibandika lazima uwe na intaneti ijisajili.

#46 mwana_tudor
Nimerudisha skrubu. Pia, na dogo_wa_mikindani asivimbe kichwa, nimeisimamisha wima. Imesoma saa tisa mchana, jua likiwa kali. Nimecheza mechi moja na nusu, stima ikapotea.

#47 dogo_wa_mikindani
NILISEMA MIMI

#48 kachri_moto
Ulisema chini juu. Wima si chini juu.

#49 fundi_wa_bondeni
Ikisimama wima lenzi inaning'inia tofauti, na roli inashika tofauti, na umerudisha skrubu siku hiyo hiyo. Umebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, sasa hatujui ni kipi.

#50 nahodha_mstaafu
Na ukiisimamisha, tundu la feni limegeukia wapi?

#51 mwana_tudor
Ukutani. Mbali na dirisha.

#52 nahodha_mstaafu
Asante.

#53 gari_la_makupa
Samahani kuingilia. Mimi ndiye jirani. Ile diski isiyo na mkwaruzo ni yangu, nimeisubiri wiki mbili, na leo nimeisoma humu ikitajwa kama kipimo cha maabara. Naomba nirudishiwe.

#54 mwana_tudor
Ndugu, samahani sana. Imo ndani ya mashine. Tangu stima irudi nabonyeza kitufe haitoki.

#55 fundi_wa_bondeni
Usiivute kwa koleo. Kuna skrubu ya kuitoa kwa mkono, unaifikia kwa chini. Chomoa waya wa stima kwanza, halafu zungusha polepole, ikigoma badili upande. Diski itajisogeza yenyewe nje kidogo kidogo.

#56 gari_la_makupa
Asiguse. Naja na bisibisi yangu.